Gundi ya Muhogo

Mimi ndiye mwenye brashi na kopo.
Chuo hakina bajeti ya gundi,
basi kila Jumatatu, kabla kengele haijalia,
nakoroga unga wa muhogo kwa maji moto
hadi uvutike kama kamasi za mtoto,
kisha napaka ukuta, nabandika riziki za watu.

Ndiyo, riziki. Someni wenyewe:
nafasi mbili za staji, shamba la kahawa, Idjwi,
kula juu yao, kulala juu yako.
Idara ya Udongo yatafuta vijana watatu
wasioogopa kuchimba mashimo ya mita mbili
na kuandika rangi ya kila tabaka.
Minervali: mwisho wa kulipa awamu ya pili.
Hilo nalibandika chini, pembeni,
lakini macho yao hulifikia kwanza.

Tuko wadogo. Ukisimama zizini
unaiona maktaba; ukikaa maktaba
unalisikia zizi. Idara nne, trekta moja
ambayo wanafunzi wa mwaka wa kwanza
hufundishwa kwanza namna ya kuisukuma.
Kule chini Bukavu imetia vidole ziwani
kama mtu anayeonja mchuzi,
na wazazi wa Kadutu wanauliza:
"Tumelipa ili mtoto aende kulima?"

Nabintu, binti wa muuza makala,
aliulizwa hivyo hivyo, mlangoni pa kanisa, watu wakisikia.
Akajibu: "Mama, batobato inakula muhogo wetu
tangu sijazaliwa,
na hakuna aliyewahi kuiuliza inatoka wapi."

Sasa nisikieni kuhusu mbuzi.
Gundi yangu ni chakula. Sikulifikiria hilo.
Alhamisi moja beberu wa Idara ya Mifugo,
yule mwenye namba saba sikioni,
alikata kamba, akaja uani,
akasoma ubao wote kwa ulimi.
Alianza na ratiba ya mitihani, Mungu ambariki.
Akamalizia na bursi: nafasi moja,
utafiti wa mbegu za muhogo, miezi kumi na minane,
mwisho wa kupokea faili ni kesho, saa tisa, ofisi ya Ibanda.

Nabintu alifika, akakuta ukuta umelowa
na kona ya karatasi yenye nusu ya muhuri.
Hakulia. Aliniangalia tu.
Mimi nimeishia darasa la sita,
lakini sibandiki nisichokisoma.
Nikafumba macho, nikamtolea lote:
matokeo ya miaka miwili, barua ya mkuu wa idara,
picha ndogo mbili, cheti cha kuzaliwa,
hata nambari ya barua, hata mkato uliokosewa.
Aliandika kiganjani, akapanda mkono, akafika kiwikoni.

Ijumaa mvua ilinyesha kama ina kesi na mtu.
Pikipiki iligoma kwenye matope.
Akashuka kwa miguu, faili ndani ya mfuko wa mbolea,
mfuko juu ya kichwa.
Alifika saa tisa kasoro, au saa tisa na kitu.
Kila mtu ana saa yake, na mlinzi wa siku ile
alivaa saa ya huruma.

Nimebandika mengi tangu hapo.
Machache yalipata watu,
mengi yalipata jua.

Juzi amerudi na kifurushi:
unga wa shamba lake la majaribio,
muhogo ambao majani yake hayajikunji.
"Kwa ajili ya brashi yako," akasema.

Nimeujaribu. Haushiki vizuri.
Karatasi zinaning'inia ukutani kama masikio ya mbuzi.
Lakini bugali wake, jamani,
bugali wake ulitusahaulisha samaki.

Naye anataka nimpe ripoti kwa maandishi:
tarehe, kiasi cha maji, dakika za kukoroga.
Nimeiandika. Nimeibandika ubaoni,
juu kidogo, beberu asipofika.